Kumtoa Kulungu Msituni: Uzito, Joto na Sheria katika Uwindaji wa Marekani

Kila mwaka msimu wa uwindaji unapofunguliwa nchini Marekani, wawindaji wapya na wakongwe hurudi kwenye swali lile lile: kulungu akishaanguka ndani kabisa ya msitu, atolewe kwa njia gani mpaka afike penye gari? Majibu yanayotolewa hupingana waziwazi. Wapo wanaoshikilia kwamba mnyama atumbuliwe, afungwe kamba na kuburutwa akiwa mzima. Wapo wanaosema kuburuta ni kujitesa bure na kwamba achunwe na kukatwa palepale alipoangukia. Na wapo wanaoona kwamba mjadala wote ulikwisha tangu vilipopatikana vyombo vya magurudumu. Mkanganyiko huo umezidi katika miaka ya karibuni, kwa sababu ugonjwa hatari unaowapata kulungu umeyafanya majimbo mengi yatunge kanuni za kudhibiti usafirishaji wa mizoga, hivyo kwamba njia ambayo babu aliitumia kihalali inaweza leo kumtia mjukuu hatiani.

Uchambuzi huu unazichunguza hoja za kila upande pamoja na sababu zilizozizaa. Dai lake kuu ni kwamba pande hizo hupingana kwa sababu kila moja hujibu kwa kuangalia msitu wake, hali ya hewa yake na sheria za jimbo lake, na kwamba suala lenyewe, ingawa kwa kawaida hujadiliwa kana kwamba ni suala la nguvu za mwili, kwa hakika ni suala la muda: muda ambao nyama inaweza kuvumilia kabla ya kuharibika.

Usuli: mnyama, uzito wake na joto lake

Kulungu anayezungumziwa hapa ni hasa kulungu wa mkia mweupe, mnyama wa jamii ambayo madume yake huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka, tofauti na kulungu wa Afrika Mashariki ambaye huhesabiwa pamoja na swala na ambaye pembe zake ni za kudumu. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanyama hao walikuwa wamebaki laki chache tu nchini humo kutokana na uwindaji wa kibiashara na ukataji wa misitu. Leo wanakadiriwa kufikia milioni 30 hivi, na wawindaji huwaua takriban milioni 6 kila mwaka. Kwa hiyo namna ya kuwatoa msituni si jambo dogo, kwani inahusu chakula cha mamilioni ya watu.

Ukubwa wa mnyama hutofautiana sana kutoka kusini hadi kaskazini. Katika maeneo mengi ya kusini dume aliyekomaa huweza kuwa na kilo 60 hivi, ilhali dume mkubwa wa Maine au Minnesota huvuka kilo 100. Mnyama wa kilo 80 akitumbuliwa, yaani akitolewa tumbo, matumbo, mapafu na viungo vingine vya ndani, hupungua kwa takriban moja ya tano na kubaki na kilo zaidi kidogo ya 60. Akichunwa na nyama yake kutenganishwa na mifupa, minofu inayopatikana hukaribia kilo 30, iwapo risasi haikuharibu sehemu kubwa. Maana yake ni kwamba anayeburuta mnyama mzima anasafirisha pia ngozi, kichwa, mifupa na kwato, ambavyo vingi vyake mwishowe vitatupwa.

Kinachoamua zaidi ya uzito ni joto. Kulungu aliye hai ana joto la nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi, na anapokufa joto hilo halitoki mara moja, kwa kuwa manyoya yake ya majira ya baridi, ambayo yana uwazi ndani yake, hulizuia vizuri sana. Wataalamu wa usalama wa chakula huhesabu kwamba bakteria huongezeka kwa kasi kati ya nyuzi 4 na nyuzi 60, hivyo kazi ya mwindaji tangu dakika ya kwanza ni kuishusha nyama chini ya nyuzi 4 haraka iwezekanavyo. Sehemu inayochelewa kupoa kuliko zote ni paja, hasa pale nyama nene inapokutana na mfupa wa nyonga, na ndiyo sababu nyama inaweza kuonekana safi kwa nje huku imeanza kunuka kuanzia mfupani.

Ndiyo maana karibu wote wanaotaka kumtoa mnyama mzima hukubaliana kwamba atumbuliwe mapema. Kazi hiyo inataka utulivu: kisu hupenyezwa chini ya ngozi ya tumbo makali yakielekea juu, vidole viwili vikitangulia kuyasukuma matumbo yasitobolewe; kiwambo, yaani ukuta wa misuli unaotenganisha kifua na tumbo, hukatwa kufuata mbavu; koromeo hukatwa juu kabisa na kuvutwa likatoka pamoja na mapafu na moyo; kibofu hutolewa bila kupasuliwa. Kisha mnyama huinamishwa ili damu itoke, na kijiti hutegwa kati ya mbavu ili kifua kibaki wazi na kupitisha hewa.

Hoja ya kumtoa akiwa mzima

Nguvu ya kwanza ya njia hii ni usafi. Ngozi ni kifuniko ambacho hakihitaji kununuliwa, nacho huikinga nyama dhidi ya udongo, majani na nzi wakati wote wa safari. Nguvu ya pili ni ubora wa nyama yenyewe: baada ya kifo misuli hukakamaa kwa saa kadhaa kabla ya kulegea tena, na ikiwa bado imeshikamana na mifupa haiwezi kujikunja sana, ilhali ikikatwa mapema hujivuta, ikafupika na kuwa ngumu kutafunwa. Nguvu ya tatu ni ya kisheria, kwa kuwa mnyama mzima huonyesha bila ubishi kama ni dume au jike, na lebo ya kibali hubaki imefungwa mahali pake mpaka mwisho. Aidha, baadhi ya wachinjaji wanaowakatia wawindaji nyama kwa malipo hupendelea kupokea mnyama mwenye ngozi yake, kwani wanaweza kukagua hali yake kabla ya kumtundika.

Kuburuta nako kuna ufundi wake. Mnyama huvutwa kichwa kikitangulia ili manyoya yalale kufuata mwendo badala ya kukwama kinyume, miguu ya mbele hufungwa pamoja na kichwa ili isinase vichakani, na kamba hufanywa fupi ili mabega yainuke kidogo kutoka ardhini. Juu ya theluji nyembamba na kwenye mteremko, mtu mmoja mwenye afya anaweza kusafiri mita mia kadhaa bila taabu kubwa.

Udhaifu wa njia hii huonekana pale mazingira hayo yanapokosekana. Magogo yaliyoanguka, vinamasi na kilima kimoja tu vinaweza kuzidisha kazi mara nyingi, na anayeilipa gharama hiyo ni moyo. Utafiti uliofanywa Michigan na kuchapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia wanaume 25, wengi wao wakiwa na maradhi ya mishipa ya moyo, kwa kupima mapigo ya moyo yao wakiwa katika uwindaji halisi, nao ukaonyesha kwamba kwa baadhi yao moyo ulidunda kwa kasi iliyozidi kiwango cha juu walichofikia walipopimwa kwenye mashine ya mazoezi. Mwindaji wa umri wa makamo ambaye mwaka mzima hukaa ofisini, kisha akaburuta kilo 60 katika baridi kali huku akiwa na msisimko wa windo, anajiweka katika hatari ya kweli. Pamoja na hayo, kila saa inayotumika kuburuta katika siku ya joto ni saa ambayo paja limebaki na joto lake ndani ya ngozi, na tumbo lililopasuliwa huzoa uchafu njiani.

Hoja ya kumkata palepale

Wanaounga mkono kukata huanzia pale pale ambapo wenzao wanashindwa, yaani kwenye umbali na joto. Mnyama anaweza kutumbuliwa kwanza kisha akagawanywa, au akakatwa bila kufunguliwa tumbo kabisa. Katika njia hii ya pili, ambayo imeenea sana katika milima ya majimbo ya magharibi, mnyama hulazwa ubavu, ngozi hupasuliwa kufuata mgongo na kuchunwa kuelekea chini, mkono hutolewa kwa kisu kitupu kwa sababu haukuunganishwa na kiwiliwili kwa kiungo cha mfupa bali kwa misuli tu, paja hutolewa kwenye kiungo cha nyonga, sarara, yaani nyama laini ndefu ya mgongoni, hukatwa kando ya uti wa mgongo, kisha mnyama hugeuzwa na upande wa pili kufanyiwa hivyo hivyo. Nyama hutiwa katika mifuko ya kitambaa chepesi kinachopitisha hewa na kuzuia nzi, ikabebwa mgongoni kwa awamu.

Faida yake ni dhahiri: mzigo hupungua kwa nusu au zaidi, unaweza kugawanywa katika safari mbili au kati ya watu wawili, na nyama hupoa mara tu ngozi inapoondolewa. Katika pwani ya South Carolina, ambako msimu wa kulungu hufunguliwa tarehe 15 Agosti wakati joto bado ni kali, faida hiyo ya mwisho peke yake inatosha kuamua jambo.

Hata hivyo njia hii inadai kwa mwindaji mambo manne. Inadai ujuzi, kwani mkataji asiyezoea huichafua nyama kwa manyoya na udongo. Inadai subira, kwa kuwa minofu iliyotolewa mfupani kabla ya misuli kukakamaa hugeuka kuwa migumu; wanaolijua hilo huacha mapaja na mikono na mifupa yake. Inadai uangalifu wa kiafya, kwa sababu asiyefungua tumbo na kifua haoni ini, mapafu wala ukuta wa ndani wa mbavu. Jambo hili si la nadharia: kaskazini-mashariki mwa sehemu ya chini ya jimbo la Michigan kifua kikuu cha ng'ombe kimekuwamo miongoni mwa kulungu tangu miaka ya 1990, na dalili yake inayoweza kuonekana kwa macho ni vivimbe vidogo ndani ya kifua, mahali ambapo mkataji huyo hafiki.

Dai la nne ni la uadilifu. Aliyechoka, giza likiingia, hushawishika kubeba mapaja na sarara na kuacha shingo, mbavu na mikono, akijiambia kwamba wanyama wengine watakula. Majimbo mengi yana sheria zinazokataza kuacha nyama inayolika, na Alaska imekwenda mbali zaidi kwa kuzuia pembe zisiondolewe mahali pa windo kabla nyama haijatolewa, ili asiwepo anayeua kwa ajili ya pambo la ukutani.

Hoja ya vyombo na wanyama wa mizigo

Upande wa tatu husema kwamba mgongo wa binadamu haukuumbwa kwa kazi hii. Sleji ya plastiki, yaani chombo bapa cha kuburuta, hupunguza msuguano na kuikinga nyama; mkokoteni wa magurudumu mawili humwezesha mtu mmoja kusukuma mnyama mzima kwenye njia nzuri; pikipiki ya magurudumu manne hufanya kwa dakika chache kazi ya nusu siku; mtumbwi hufika pale ambapo mto unapita karibu; na katika milima farasi na nyumbu bado hawana mpinzani.

Udhaifu wa vyombo hivi ni kwamba kila kimoja kinategemea njia, fedha au ruhusa. Mkokoteni huwa mzigo wa pili penye magogo na mawe. Pikipiki huchimba udongo laini, huwafukuza wanyama na kuwaudhi wawindaji wengine, na hupinduka kwa urahisi kwenye mteremko inapobeba mzigo usiofungwa vizuri. Farasi anahitaji kulishwa na kufunzwa mwaka mzima, pamoja na kuzoezwa harufu ya damu. Zaidi ya hayo, sheria ya shirikisho ya mwaka 1964 ya kuhifadhi nyika, ambayo leo inahusu zaidi ya maeneo 800 yenye jumla ya takriban hekta milioni 45, inakataza humo vyombo vya moto na pia usafiri wa aina nyingine yoyote wa kimitambo, na idara ya misitu ya shirikisho imeifasiri kanuni hiyo kuwa inajumuisha hata mkokoteni wa kusukumwa kwa mkono. Mwindaji aliyejenga mpango wake wote juu ya magurudumu hugundua mpakani mwa eneo hilo kwamba hana mpango.

Ugonjwa uliobadilisha hesabu

Mjadala huu ungeweza kuachiwa kila mtu aamue kwa uzoefu wake kama usingekuwapo ugonjwa sugu wa kukonda. Dalili zake ziligunduliwa mwaka 1967 kwa kulungu waliofugwa katika kituo cha utafiti huko Fort Collins, Colorado. Mwaka 1978 ulitambuliwa kuwa ni wa kundi la magonjwa yanayotoboa ubongo. Mwaka 1981 ulionekana kwa mnyama wa porini. Mwaka 2002 uligunduliwa Wisconsin, mashariki ya mto Mississippi, na sasa umeripotiwa katika majimbo zaidi ya 30. Unasababishwa na prioni, yaani protini iliyojikunja vibaya ambayo huzilazimisha protini nyingine za mwili kujikunja vivyo hivyo. Prioni haziuawi kwa kupika, na zinaweza kudumu udongoni kwa miaka mingi. Mnyama aliyeambukizwa huishi mwaka mmoja au zaidi akionekana mzima, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mwindaji hawezi kumtambua kwa macho.

Hakuna mtu aliyethibitishwa kuambukizwa, lakini mamlaka za afya za Marekani zinashauri kwamba kulungu wa maeneo yenye ugonjwa wapimwe, na kwamba nyama ya aliyekutwa nao isiliwe. Kwa kuwa prioni hujazana zaidi katika ubongo, uti wa mgongo, macho, bandama na matezi, majimbo mengi huzuia mzoga mzima kuvuka mpaka na kuruhusu tu minofu isiyo na mifupa, mapaja na mikono iliyotenganishwa na uti wa mgongo, ngozi isiyo na kichwa, na pembe zenye kipande cha fuvu kilichosafishwa.

Kwa mtazamo wa haraka, kanuni hizi zinampa ushindi mkataji. Ukizitazama kwa makini, zinambebesha majukumu mapya. Kipimo hufanywa kwa matezi yaliyo nyuma ya koo au kwa shina la ubongo, hivyo aliyeacha kichwa msituni amejinyima jibu la swali muhimu kuliko yote, na inampasa akibebe mpaka kituo cha kuchukulia sampuli kilichomo ndani ya eneo linaloruhusiwa. Vilevile mabaki yana mahali pake: hatari kubwa iko katika kuyahamisha kutoka eneo lenye ugonjwa na kuyatupa kwenye eneo safi, jambo linaloweza kufanywa bila kujua na mtu aliyempeleka mnyama mzima nyumbani, akamkatia uani na kumwaga mifupa kichakani. Mamlaka nyingi hupendelea mabaki yapelekwe kwenye jaa lililojengwa kwa kuzuia uchafu usipenye ardhini. Pale isipowezekana, kuyaacha mahali mnyama alipoangukia kuna madhara madogo kuliko kuyapeleka kwingine.

Kupima hoja hizo

Hoja hizi zikiwekwa pamoja, huonekana kwamba vigezo vinavyostahili kuamua ni vinne: umbali na sura ya ardhi, joto la siku hiyo, idadi na afya ya watu waliopo, na kanuni za mahali husika. Mahali penye ardhi tambarare, baridi karibu na kuganda, na mita mia chache tu hadi barabarani, kumtumbua na kumburuta mzima, hasa juu ya sleji, ndiyo njia bora, kwa kuwa inahifadhi usafi, ulaini wa nyama na ushahidi wote wa kisheria. Katika hali hiyo anayekata hujiongezea kazi na hatari ya uchafu bila faida yoyote.

Umbali ukizidi, kilima kikiingia kati au joto likipanda, mizani huelekea upande wa kukata, na kila kigezo kinachoongezeka huharakisha uamuzi. Hata hivyo kukata huko kuna masharti: nyama ibaki na mifupa ya miguu inapowezekana, kifua kifunguliwe na kukaguliwa penye kifua kikuu, kichwa kibebwe penye ugonjwa wa kukonda, na uthibitisho wa jinsia uachwe umeshikamana na nyama pale sheria inapotaka, kama ilivyo Colorado. Vyombo navyo si msimamo unaojitegemea bali ni msaada wa mojawapo ya njia hizo mbili, nao hufaa tu kwa aliyehakikisha mapema kwamba njia na sheria zinaviruhusu.

Kuna pia usalama ambao pande zote huusahau. Kulungu anayebebwa begani na mtu aliye nusu amefichika vichakani huonekana na mwindaji mwingine kama kulungu aliye hai, kwa hiyo kitambaa cha rangi ya chungwa inayong'aa hufungwa kwenye pembe na kwenye mzigo. Katika Montana na Wyoming, ambako dubu wakubwa huvutwa na harufu ya damu, nyama inayosubiri safari ya pili huwekwa mbali na matumbo, mahali peupe panapoonekana kutoka mbali, ili anayerudi asimkute dubu ghafla.

Hitimisho

Ubishi kati ya waburutaji, wakataji na wenye magurudumu hauwezi kumalizwa kwa kutaja mshindi mmoja, kwa kuwa kila njia imezaliwa na mazingira yake na huwa na kasoro pale inapohamishiwa kwingine. Kuburuta kunahifadhi ubora lakini kunakula muda na kuhatarisha moyo. Kukata kunaokoa muda na mgongo lakini kunadai ujuzi, ukaguzi na uadilifu. Vyombo hurahisisha yote mawili lakini hufungwa na ardhi na sheria. Ugonjwa sugu wa kukonda umeongeza juu ya hayo wajibu wa kujua nini kinaweza kuhamishwa na mabaki yataishia wapi.

Jambo moja linabaki kweli katika misitu yote. Umbali hadi barabarani, joto la siku, saa zilizobaki kabla ya giza na kanuni za jimbo hujulikana kabla risasi haijafyatuliwa; baada ya hapo hakuna hata kimoja kinachoweza kubadilishwa. Kwa hiyo anayemlenga kulungu ng'ambo ya bonde lenye kinamasi jioni ya joto, akiwa peke yake na bila mifuko wala kisu cha kufaa, ameshafanya uamuzi mbaya kabla ya kugusa kamba. Mwindaji mwadilifu huacha kumpiga mnyama ambaye hana uhakika wa kumtoa, kwa sababu uhai uliochukuliwa unadai nyama ifike mezani ikiwa salama, na dai hilo hulipwa kwa maandalizi.